Tuulize msaada uliondoka lini

Mhariri,

Kila maafa makubwa yakitokea ng'ambo, mjadala bungeni na magazetini huwa ni uleule. Wapinzani wanadai serikali imetoa kiduchu, serikali inajibu kwamba imetoa kuliko jirani, na kabla wiki haijaisha kiasi kinaongezwa ili kelele zitulie. Aliyekwama juu ya paa, maji yakimfika kiunoni, hana habari na tarakimu hizo. Naomba nafasi niseme kwamba tunabishania jambo silo.

Chukua Msumbiji mwaka 2000. Mvua zilianza kuleta mafuriko mapema Februari, Kimbunga Eline kikapiga tarehe 22, na mwisho wa mwezi Mto Limpopo ukaifunika miji ya Chókwè na Xai-Xai. Watu wapatao 700 walikufa. Waliokimbilia juu ya miti na mapaa waliokolewa hasa na marubani wa jeshi la anga la Afrika Kusini. Walikuwa na helikopta za kuhesabu kwa vidole, wakishusha kamba na kumnyanyua mtu mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine, wakiwatua pakavu na kugeuza. Mama mmoja alijifungua huko huko juu ya mti, na helikopta ikawafikia yeye na kichanga chake.

Na London je? Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa wa Uingereza, Clare Short, alikuwa akivutana na Wizara ya Ulinzi kuhusu bei. Jeshi lilitaka lifidiwe gharama za kupeleka helikopta zake, waziri akaona anatajiwa bei ya kuruka, na ugomvi ukatoka nje ya ofisi hadi magazetini. Wabunge wakaja juu, kamati yao ikafanya uchunguzi. Helikopta za Uingereza zilifika Machi, wakati sehemu kubwa ya kazi ya kuopoa watu ilikuwa imeshafanywa na wengine.

Mimi simshambulii Short kama wengi walivyofanya. Wizara yake ililipia helikopta zilizokodiwa kutoka eneo lile lile, na hiyo ilikuwa akili: kilicho karibu hufika kwanza. Kinachoudhi ni kwamba wizara mbili za serikali moja zilianza kupatana bei kama watu waliokutana sokoni, huku mto ukijaa. Nani analipia mafuta, nani anasaini ruhusa ya kuruka, fedha zinatoka fungu gani: hayo yalitakiwa yawe yameshaandikwa na kuwekwa kwenye droo miaka kadhaa kabla.

Sasa tazama tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyoua watu zaidi ya 220,000 kuzunguka Bahari ya Hindi. Siku iliyofuata Jan Egeland, mkuu wa misaada ya dharura wa Umoja wa Mataifa, alisema nchi tajiri zina mkono wa birika. Alikuwa akizungumzia misaada yao kwa jumla, lakini Washington iliumia. Dola milioni 15 za Marekani zikawa milioni 35, na kabla mwaka haujafungwa zikawa milioni 350. Serikali ya Uingereza nayo ilipanda kutoka pauni milioni 15 hadi 50, baada ya wananchi wa kawaida kuchanga zaidi yake. Watu wakageukia kujadili kwa nini Rais Bush wa Marekani yuko shambani kwake Texas na kwa nini Waziri Mkuu Blair wa Uingereza hajakatisha likizo Misri, kana kwamba kiongozi akipanda ndege kurudi nyumbani ndipo maji yatapungua.

Katikati ya vurugu hizo, meli ya kivita ya Marekani, Abraham Lincoln, iliyokuwa imetia nanga Hong Kong, ilipewa amri ya kwenda Sumatra, Indonesia. Tarehe 1 Januari helikopta zake zilikuwa zinashusha maji na chakula kwenye vijiji vya Aceh, jimbo la kisiwa hicho, ambavyo barabara zake zilikuwa zimesombwa. India, iliyokuwa na maelfu ya maiti wake wa kuzika, ilikuwa imeshafikisha meli zake Sri Lanka tangu tarehe 27. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyostahili kupimwa, na ndiyo yaliyosikika kidogo kabisa kwenye mabishano ya nani katoa ngapi.

Ahadi zenyewe pia ni za kuangaliwa. Australia ilitangaza dola bilioni moja za Australia kwa Indonesia, na ikasifiwa, lakini nusu yake ilikuwa mkopo wa masharti nafuu na zote zilipangwa kutolewa kwa miaka mitano. Sisemi ni udanganyifu, maana walieleza wazi. Wasomaji tu hatukusoma aya ya pili. Bam, nchini Iran, tetemeko liliua zaidi ya watu 26,000 tarehe 26 Desemba 2003, mwaka mmoja kamili kabla ya tsunami, na baadaye Iran ililalamika kwamba sehemu kubwa ya walichoahidiwa hawakukiona.

Kuna wanaosema tuanze na shida za kwetu. Ni hoja halali, ila ijadiliwe wakati wa bajeti, si siku ambayo watu wako kwenye vifusi.

Cha kubishania kwa nguvu zote ni sheria. Marekani ilikuwa ikinunua chakula cha msaada kwa wakulima wake na kupakia sehemu kubwa kwenye meli za bendera yake, safari za miezi. Mwaka 2005 serikali ya Bush iliomba ruhusa ya kutumia sehemu ya fedha hizo kununua nafaka karibu na wenye njaa. Bunge la Congress lilikataa. Laiti zogo lililozuka kuhusu milioni 15 lingezuka hapo!

Basi wabunge wetu, maafa mengine yakija, wamuulize waziri saa ngapi uamuzi ulitolewa, nini kimeondoka na kwa chombo gani. Na wewe, Mhariri, ukichapa ahadi ukurasa wa kwanza, andika kwenye shajara ya chumba cha habari tarehe ya miezi 12 mbele, umtume mwandishi aulize wizarani kiasi gani kimelipwa. Jibu lichapwe ukurasa ule ule wa kwanza.

Msomaji wako wa siku nyingi