Risala ya Watembezi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwenyekiti wetu, wazee na wanachama wenzangu, hamjambo?

Tunajua jam ya Thika Road imekutesa, Mheshimiwa, basi hatutakuchosha.

Chama chetu kina watu kumi na wanane. Miaka mitatu tulichanga kidogo kidogo huku majirani wakitucheka, hadi sita kati yetu tukapanda ndege kupitia Johannesburg hadi St Helena, kisiwa cha kilomita za mraba 122 katikati ya Atlantiki. Kabla ya 2017, msafiri alikaa melini siku tano kutoka Cape Town. Sisi upepo ulituchelewesha siku moja, tukalalamika kana kwamba tumeonewa.

Tulifuata maporomoko yaitwayo Heart-Shaped Waterfall, juu ya bonde la Jamestown. Moyo wenyewe si maji, ni jabali: ukuta wa mwamba wa volkano, mpana juu, ncha chini. Maji ni uzi mweupe tu, na kiangazi hukauka. Mweka hazina wetu alitazama juu, akauliza, "Ndiyo haya tuliyochangia?" Mara upepo ukageuka, uzi ule ukapeperuka kando kama pazia, ukatulowesha nyuso sote. Akanyamaza. Alikaa pale saa nzima, viatu mkononi.

Wapwani miongoni mwetu walikuwa na lao. Kisiwani humo kila mtu humtaja Napoleon, mfalme wa Ufaransa aliyefia uhamishoni huko, lakini ndiko Waingereza walikompeleka pia Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar, yule sultani aliyepigana nao vita visivyotimiza saa moja, Agosti 1896. Walimkamata 1916, wakamhamishia huko na Shelisheli, na mwishowe akafia Mombasa 1927. Shuleni hatukuwahi kuambiwa.

Sasa ombi letu, Mheshimiwa. Maporomoko ya Karura yako hapa hapa Nairobi, na maji yake ni mengi kuliko yale tuliyoyavukia bahari. Hata hivyo, watoto wengi wa mtaa wetu hawajayaona. Kiingilio tutalipa sisi. Kinachotushinda ni usafiri: tunaomba basi moja kila muhula. Wazo hili ni la mweka hazina, na ameshaanza kuandika majina ya watoto.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama