Besi wetu anakwenda Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam: wito wa harambee

Tumsifu Yesu Kristo.

Wanakwaya, wanajumuiya wa hapa Songea, na ninyi mliohama lakini bado mnatuulizia: mwenzetu wa sauti ya nne, yule fundi seremala aliyetutengenezea mabenchi, ana saratani ya tezi ya mate. Ameturuhusu tuseme, ila jina tusilitandaze.

Tezi kubwa ya mate iko mbele ya sikio. Ndiyo inayovimba mtu akiugua matubwitubwi, na kweli alipovimba tulimtania kwamba ameshikwa na ugonjwa wa watoto. Lakini matubwitubwi huisha ndani ya wiki mbili hivi. Uvimbe wake ulikaa miezi 7 bila maumivu, mpaka mdomo ukaanza kulegea upande mmoja. Vivimbe vingi vya tezi hiyo si saratani. Chake kilipopimwa, kilikuwa saratani.

Upasuaji mlishauchangia, umefanyika. Ndani ya tezi hiyo hupita mshipa wa fahamu unaoendesha uso, na tawi moja halikuokoka. Jicho la kushoto halifumbi vizuri. Usiku hulipaka dawa na kulifunika. Mkikutana naye msimkwepe. Anacheka vilevile, ni mdomo tu unaokwenda upande.

Sasa ni mionzi: mara 30, Jumatatu hadi Ijumaa, na inatakiwa ianze kabla ya wiki 6 kupita tangu upasuaji. Wiki tatu zimekwisha. Kwanza meno yakaguliwe, maana mionzi hukausha mate, na mdomo mkavu huozesha meno haraka. Daktari ana matumaini, kwa kuwa ugonjwa haujafika kwenye tezi za shingoni wala mapafuni. Hakusema amepona. Atapimwa kwa miaka, kwani baadhi ya saratani hizi hurudi watu wameshasahau.

Tunatafuta shilingi 1,900,000: nauli yake na mkewe, chumba cha wiki 7, uji, maziwa na supu, na matumizi ya watoto nyumbani, maana randa imelala. Harambee ni Jumapili baada ya misa ya pili. Mwenye ahadi ya upasuaji ambayo hajaimaliza (tunajuana) aanze na hiyo. Nawe uliyeko Dar, ukiwa na chumba Upanga au Kariakoo, hata cha kubanana, mwambie mhazini kabla ya Ijumaa: kodi ndiyo imekula nusu ya bajeti.