Wafunzeni hesabu vijana wanaouza gari za mkopo

Ndugu Mhariri, assalaamu alaykum.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita. Mie ni mwalimu wa hesabu hapa Chake Chake, skuli ya sekondari, sijawahi kuandika gazetini hata siku moja, lakini hili nimeona nikinyamaza nitakuwa nawaangalia watu wanaumia na mie najua wanaumia wapi.

Mpwa wangu ni dereva. Miaka mitatu kaendesha gari ya abiria ya mtu, njia ya 606 ya Chake na Wete, kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri na kinachobaki anaweka, kidogo kidogo mpaka zikafika milioni sita. Akaona sasa wakati umefika anunue Noah yake mwenyewe, abebe watu wa Mkoani meli ikifika, achukue harusi, apeleke wageni kwenye hoteli za kule Makangale. Akapata yadi moja Unguja, siitaji jina mana nia yangu sio kumchafulia mtu biashara, na hivi nnavyoandika naamini yadi nyingi ziko vile vile. Noah milioni 18, unatoa kianzio milioni 6, zile 12 analipa mkopeshaji anayefanya kazi na yadi, alafu wewe unamrejeshea miaka miwili, riba asilimia 20. Dada yangu akatakiwa awe mdhamini. Hapo ndo nikaitwa mie, tukapanda boti watatu, mpwa wangu, dada na mie.

Aliyetupokea ni kijana wa miaka 23 au 24, mpole, ana adabu, shati limepigwa pasi, kamkalisha dada yangu kwenye kiti pekee chenye foronya na kumletea maji. Nalisema hili kwanza kwa sababu yote nitayoyaeleza chini sio kwamba yule kijana ni mwizi, wallahi sio mwizi. Akatoa simu, akapiga kikokotoo, akaandika nyuma ya risiti ya betri: 700,000 kila mwezi, miezi 24. Nikamuuliza mwanangu, hii 700,000 umeipataje? Akaniambia mwalimu, milioni 12 mara asilimia 20 ni milioni 2 na laki 4, mara miaka miwili ni milioni 4 na laki 8, jumlisha na 12 unapata 16 na laki 8, gawa kwa 24. Hesabu yake sahihi kabisa, hajakosea hata senti. Nikamuuliza tena, sasa mwezi wa mwisho mpwa wangu atakuwa anadaiwa kiasi gani? Akafikiri, akasema laki tano za mtaji. Na riba ya mwezi huo? Laki mbili. Nikanyamaza nimpe nafasi, kama nnavyofanya darasani, akaniangalia, akaangalia ile risiti, akasema taratibu, "Mwalimu, laki mbili juu ya laki tano kwa mwezi mmoja?"

Ndo hivo. Hiyo ndo wanayoiita riba ya flati. Unalipa riba ya milioni 12 mpaka siku ya mwisho wakati deni lenyewe umeshalimaliza karibu lote. Ingekuwa hiyo asilimia 20 inahesabiwa kwenye deni lililobaki, mwezi wa kwanza riba ni laki mbili vile vile, lakini inashuka kila mwezi mpaka wa mwisho inakuwa kama elfu kumi tu, na rejesho lingekuwa kama 611,000 badala ya 700,000. Kwa miezi 24 tofauti ni zaidi ya milioni mbili, na milioni mbili kwa dereva wa 606 ni miezi ya kazi. Nikarudi nayo kinyumenyume nyumbani usiku kwa karatasi na kalamu, ile 700,000 ukiipima kwa deni linalopungua, riba yake ya kweli ni karibu asilimia 35 kwa mwaka. Asilimia 35, Ndugu Mhariri, na kwenye tangazo pale ukutani imeandikwa 20.

Kijana akaniambia neno ambalo ndo limenifanya niandike. Alisema, "Mwalimu, miezi saba nipo hapa, hii hatujaonyeshwa." Nikamuuliza walikufundisheni nini? Akasema siku ya kwanza bosi alimwonyesha fomu zinajazwa vipi, basi. Siku moja walikuja watu wa kwa mkopeshaji wakafanya semina ya saa mbili, wauzaji wakapewa soda na fulana, wakaambiwa wakileta wateja wengi komisheni inapanda. Mie ni mwalimu, najua mtu akifundishwa kuleta wateja atajua kuleta wateja, hayo mengine atayatoa wapi?

Na hayo mengine ndo mengi. Nilimuuliza yule kijana, mpwa wangu akipata pesa akalipa yote baada ya mwaka, anapunguziwa riba au hapunguziwi kitu? Hajui. Gari ikigongwa katikati, bima kubwa inamlipa nani kwanza, yeye au mkopeshaji? Hajui. Dada yangu, yeye aliambiwa "Bi, hapa unatia saini tu, ni taratibu", na ile karatasi ni ya kiingereza kurasa sita, na dada yangu kiingereza hajui, kilichoandikwa mule ni kwamba mtoto akishindwa kulipa yeye anadaiwa deni lote kama vile kakopa yeye. Hiyo sio taratibu, hiyo ni nyumba ya mtu. Alafu ikatoka fomu ya kuhamisha umiliki wa gari, haina tarehe, haina jina la mnunuzi, wanataka mpwa wangu atie saini aiache, ili siku akichelewa rejesho gari iuzwe bila kumtafuta. Kijana akaitoa kwenye faili pamoja na nyengine kama vile anatoa karatasi ya kupigia picha, kwa sababu yeye kaikuta inafanyika hivo na hakuna aliyemwambia hii karatasi ina maana gani.

Vitambulisho vyetu vya Mzanzibari mkaazi alivipiga picha kwa simu yake mwenyewe, na barua ya sheha pia, akavituma kwenye kundi la Watsapu la wauzaji, tukaviona vinaingia pamoja na vya watu wengine ambao sisi hatuwajui na wao hawatujui. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na Tume yake ipo, lakini sheria ile haijafika kwenye simu ya yule kijana, na haitafika yenyewe, lazima mtu aende akamkalishe amwambie hichi ufanye na hichi usifanye, na kampuni impe njia nyengine ya kutuma.

Kuna jambo jengine limeniuma zaidi na nafikiri litawauma Wazanzibari wengi. Mpwa wangu aliuliza kama ipo njia isiyo na riba, mana tunazo benki hapa zenye huduma za kiislamu miaka mingi sasa. Kijana akajibu, ipo lakini ni ile ile, jina tu ndo tofauti. Astaghfirullah. Sio ile ile. Kwenye murabaha benki inainunua gari kwanza iwe yake, ikipata hasara kabla hujakabidhiwa ni yake, ndo baadae inakuuzia wewe kwa bei inayojulikana mna faida ndani yake imetajwa wazi, na bei ile ikishakubaliwa haiongezeki hata ukichelewa. Mpangilio ndo jambo lenyewe. Muuzaji asiyejua, akikutilisha saini ya kununua kwa benki kabla benki haijaimiliki gari, kakuharibia mkataba wako mbele ya Mungu na wewe hujui, unarudi nyumbani unasema alhamdulillah nimeepuka riba. Basi mtu kama huyu aachiwe akae na mteja bila kufunzwa?

Sasa nasikia watu wanasema sheria hakuna. Sheria ipo. Benki Kuu ilitoa kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha mwaka 2019, zinataka mteja aelezwe gharama zote wazi kabla hajasaini na malalamiko yake yasikilizwe, na Benki Kuu ina tawi hapa hapa Unguja. Kwa upande wa biashara tunayo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Tatizo nnaloliona mie ni kwamba kanuni zinamshika mkopeshaji, na mkopeshaji yuko ofisini na kiyoyozi, lakini anayekaa mezani na mteja ni wa yadi, hana mkataba na Benki Kuu, analipwa komisheni. Ukienda kwa mkopeshaji anakwambia hayo uliambiwa na watu wa yadi, ukienda yadi wanakwambia sisi tunauza gari tu, mkopo sio wetu. Katikati pale ndo alipokaa mpwa wangu na milioni sita zake.

Wenzetu hili walishaliona. Marekani tangu 1968 wana sheria inayomlazimisha anayekopesha aandike gharama ya mkopo kwa asilimia ya mwaka, ile ya kweli, sio flati, na wauza magari wanaokopesha wamo ndani yake. Na tangu Juni 2023 kanuni yao ya kulinda taarifa za wateja inawataka wauza magari hao hao wawafunze wafanyakazi wao namna ya kuzilinda. Uingereza nao, mamlaka yao ya mambo ya fedha ilipiga marufuku Januari 2021 ile komisheni ambayo muuza gari akipandisha riba ya mteja na yeye anapata zaidi. Sisemi tunakili kila kitu cha watu, nasema tu kwamba walikaa wakaangalia ile meza, nani anakaa pale, anajua nini, analipwa vipi.

Naomba basi wahusika walitizame hili. Mkopeshaji anayetoa pesa kupitia yadi abebe maneno ya muuzaji wa yadi kama maneno yake mwenyewe, akiharibu yule kaharibu yeye, mana bila hivo hatakuwa na haja ya kumfunza. Na kumfunza kuwe kumfunza kweli, mtu apewe mkopo wa mfano aupige kwa flati na kwa deni linalopungua, aambiwe mdhamini ni nani, aambiwe murabaha inaanza wapi na kuishia wapi, apewe mtihani, akifeli arudie, na asiguse faili la mteja mpaka afaulu. Sisi walimu hatuingii darasani kwa semina ya saa mbili na soda. Mkataba uwe kwa kiswahili, na mbele yake iwekwe karatasi moja inayosema unachukua kiasi gani, unarudisha jumla kiasi gani, riba ya kweli kwa mwaka ni ngapi, na ukichelewa au ukilipa mapema inakuwaje. Na ile fomu ya kuhamisha umiliki isiyo na tarehe ipigwe marufuku moja kwa moja, hiyo haihitaji hata semina.

Najua watu wa yadi watasema vijana wale hawakai, leo yupo kesho kaenda Dar, kumfunza ni hasara. Lakini mie nilikaa na yule kijana nusu saa tu, nyuma ya risiti ya betri, na alifahamu yote, alifahamu haraka kuliko wanafunzi wangu wengi, na aliposhika mwenyewe kalamu akapata ile 611,000 alitabasamu kama mtoto. Nusu saa. Kama nusu saa ya mwalimu mgeni imetosha kumwonyesha alichokosa miezi saba, basi hasara anayoihofia bosi wake iko wapi?

Mpwa wangu hakusaini siku ile. Dada yangu aliinuka akasema mwanangu tutarudi, akachukua mkoba wake, tukaondoka na milioni sita zetu. Hivi sasa mpwa wangu anazungumza na benki moja kwa murabaha, na safari hii kauliza mwenyewe gari itakuwa ya nani siku ya kusaini. Yule kijana wa yadi bado ana nambari yangu. Juzi kanipigia saa nne usiku, ana mteja mama mmoja wa Fuoni anataka Vitz, akaniuliza mwalimu, mama huyu akilipa yote mwezi wa kumi na mbili, anapunguziwa kiasi gani? Nikamwambia hiyo inategemea mkataba wenu umeandikwaje, kamuulize bosi wako. Akasema alishamuuliza, na bosi naye hajui.

Wako,
Mwalimu wa hesabu,
Chake Chake, Pemba