Kabla hujawaleta watoto Madete kuona kasa

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu kutoka Pangani. Nimefurahi mno kusikia kwamba utawaleta watoto kwenye ufukwe wa Madete, huko Saadani, likizo ya mwezi wa sita. Ila uwaandae mapema: mwezi huo mtarajie vifaranga wa kasa kuliko mama zao. Kasa wengi wa pwani yetu hutaga miezi ya masika, na mayai hukaa mchangani siku 50 hadi 60, hivyo kiota cha Aprili huanguliwa Juni. Masika yenyewe hayafai kwa safari ya watoto, maana udongo mweusi wa Saadani ukilowa hunasa hata gari kubwa.

Madete imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Mna tembo na simba, kwa hiyo usiku hamtoki kambini bila askari wa hifadhi na ruhusa yake. Jambo hilo halina mjadala.

La pili ni mwanga, na hapa ndipo wageni wanapoharibu zaidi. Vifaranga hujichimbua kwa pamoja siku kadhaa, kisha huzuka mchanga ukishapoa, kwa kawaida usiku. Wakitoka hufuata upande unaong'aa zaidi. Pwani isiyo na taa, upande huo ni bahari. Mtoto wako akiwasha simu apige picha, watageuka wamfuate yeye. Kila dakika wanayopotea ni nafasi ya kaa na kenge, na jua likiwakuta mchangani hukauka wakafa. Simu zote zizimwe. Askari akikubali tochi, iwe ya mwanga mwekundu hafifu, imulike chini. Msiwabebe vifaranga kuwapeleka majini, hata kwa huruma. Fukieni mashimo ya kuchezea kabla ya magharibi, wala gari lisishuke ufukweni: alama ya tairi kwa kifaranga ni mfereji asioweza kuupanda.

Mkibahatika kumwona kasa mama akipanda ufukweni kutaga, kaeni chini pale pale mlipo. Huyu anaweza kuzidi kilo 100, lakini kabla ya kuanza kutaga hushtuka kwa kivuli tu, akarudi baharini na mayai yake. Ataandaa shimo la kulaza mwili wake, kisha kwa mapezi ya nyuma achimbe la mayai. Akishaanza kutaga hutulia, na hapo askari anaweza kuwasogeza kwa nyuma, kamwe si mbele ya macho yake. Hutaga mayai kama 100 au zaidi, akafukia na kutawanya mchanga kuficha mahali. Kazi nzima huchukua saa moja hadi tatu. Msimkatie njia ya kurudi.

Mayai hayaguswi. Saa chache baada ya kutagwa, kiinitete, yaani kifaranga kinachoanza kuumbika, hujishika kwenye utando wa juu wa yai. Yai likigeuzwa, hufa. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Ushongo, zamani kilikuwa na miti na kasa wengi. Miti ikaisha, mchanga ukasombwa, na sasa maji yakijaa kisiwa chote hufunikwa. Viota vya pale vimekuwa vikihamishiwa ufukwe wa Ushongo, tena na watu waliofundishwa, upesi na bila kugeuza yai. Kwa yaliyoipata Maziwe, msivunje vichaka vya ufukweni kwa kuni. Vinashika mchanga na kuupa kivuli, na joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: wa moto hutoa majike, wa baridi madume.

Yeyote akiwauzia nyama ya kasa, kataeni. Ni kosa kisheria, na sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Machi 2024 iliua watoto wanane na mtu mzima mmoja kule Panza, Pemba.

Asubuhi waonyeshe watoto nyayo. Za kasa wa kawaida zina upana wa karibu mita moja, kushoto na kulia zikilingana, kwa sababu husukuma mapezi yote pamoja. Ng'amba, aina nyingine ya kasa, huyapishanisha, na njia yake ni nyembamba. Msizikanyage. Walinzi huzisoma kujua aliyepanda na mahali alipotaga, kwa hiyo piteni chini, kwenye mchanga mbichi, mpaka wawe wamemaliza.

Mjomba wako