Kwa vijana mliomkosoa Mbiti Jumamosi

Wanangu,

Shikamoo zenu nilizipokea, marahaba. Nilikaa nyuma kabisa nikawasikiliza mkimchambua John Mbiti, yule mwanateolojia na mwanafalsafa wa Kenya, kwa saa nzima. Mmoja wenu akauliza: ikiwa Mwafrika hana wakati ujao, kama Mbiti anavyodaiwa kusema, mbona sisi tuna kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo? Makofi yakarindima. Nilicheka peke yangu, kwa sababu hoja hiyohiyo niliitoa nikiwa na umri wenu, na kitabu chake chenyewe, African Religions and Philosophy, sikuwa nimekifungua.

Nilipokisoma niliona haya. Mbiti, mzaliwa wa Kitui, hakusema hatuna kesho. Aliloandika mwaka 1969 ni kwamba katika fikra za jadi wakati ni matukio. Jambo ambalo halijatokea bado si wakati kamili. Yaliyo karibu, na yale yanayorudi kwa mzunguko wa maumbile kama mvua na mavuno, aliyakubali. Alichokitilia shaka ni ujao wa mbali, unaovuka miaka miwili hivi. Mtondogoo haijatimiza hata wiki! Mshale wenu ulipita pembeni.

Tena swali lake lilikuwa na asili. Alikuwa akichunguza jinsi Wakamba walivyoyapokea mahubiri ya wamisionari kuhusu mwisho wa dunia. Asiyejua hilo atadhani mtu aliamka tu akawatukana wazee wake.

Sijasema msimkosoe. Alichukua nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, akalitandazia bara zima. Hapo pana ufa mkubwa, na mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana aliupitia hapo hapo, kwa ushahidi wa lugha ya Waakan. Huo ndio ukosoaji unaouma.

Mliniuliza mlangoni kama wanafalsafa wote hukosoa kabla ya kuelewa. Wapo, na wengi wao wana sauti nzuri. Lakini msimsahau mwanafalsafa Odera Oruka wa Nairobi: alikwenda vijijini kuwasikiliza wazee, na alipowasikiliza aliwabishia pia, ili aone mzee gani anakariri mila na yupi anaipima. Kwake ubishi ulikuwa sehemu ya kuelewa. Ila alianza kwa kufunga safari.

Jumamosi ijayo, anayetaka kumpinga Mbiti aieleze kwanza hoja ya Mbiti mwenyewe mpaka yule binti wa kundi lenu anayemtetea aseme, "Naam, ndivyo." Nitakuja na nakala yangu. Kurasa zimeanza kuchomoka, mzishike taratibu.

Babu yenu