Barua ya wazi kwa vijana wa makanisa ya Dodoma wanaokwenda kupatanisha wakulima na wafugaji

Wanangu na wajukuu zangu, mbukwenyi. Bwana Yesu asifiwe.

Nimeletewa habari kwamba ninyi vijana wa makanisa mbalimbali ya hapa mjini mmeunda kamati ya upatanisho, na kwamba Jumamosi ijayo mtapanda gari kwenda vijiji vya upande wa Bahi na Chemba, ambako wakulima na wafugaji wanashikana mashati kila kiangazi maji yanapopungua. Wachache wenu mlipita nyumbani kuniuliza kama nina neno la kuwaambia, nami nimeona heri niliandike hadharani, nisije nikamwambia huyu hili na yule lile. Fulana mlizochapisha nimeziona. Ni nzuri, ingawa sijapata kuona ugomvi wa shamba uliomalizwa na fulana.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mzee wa kanisa kijijini kwetu, ng'ombe wa mfugaji mmoja wa Kibarbaig waliingia usiku kwenye mtama ambao ulikuwa umebakiza siku chache uvunwe. Asubuhi vijana wa pande zote mbili walikuwa na fimbo na mapanga mikononi, na mwenyekiti wa kitongoji akanitumia mtoto nije niongoze kikao. Tulikutana chini ya mbuyu. Nilifungua kwa sala ndefu, nikamwita Mfalme wa Amani kwa majina yake yote ninayoyajua. Nilipomaliza, yule mfugaji mzee, ambaye hakuwa Mkristo, aliniambia kwa upole kabisa: “Mzee, umeomba vizuri. Lakini tangu umefika nakutazama. Umewaamkia wale kwanza, umekunywa maji ya kwao, na umeketi kwenye benchi lao. Huyo Mungu uliyemwita, yeye amekaa wapi?”

Ndipo nilipojitazama. Nilikuwa nimekaa kivulini, kwenye benchi lililotolewa kanisani, bega kwa bega na wakulima, na aliyekuwa kulia kwangu ndiye mwenye shamba, ambaye ni shemeji yangu. Wafugaji walikuwa wamesimama juani, wameegemea fimbo zao, kwa sababu hakuna aliyefikiri kuwatafutia hata kigoda. Sikuwa na la kujibu. Niliinuka, nikaenda kukaa chini, katikati, jua likinichoma utosini, na kikao kilianzia hapo.

Tulikwenda wote shambani. Bwana shamba alihesabu mistari iliyokanyagwa, mtoto wa mfugaji akishika ncha moja ya kamba ya kupimia na mtoto wa shemeji akishika nyingine, na katika kupima huko likajitokeza jambo ambalo kijiji kizima kilikuwa kinalijua na hakuna aliyelisema: shemeji yangu alikuwa amesogeza wigo wake wa miiba hadi kwenye mapito ya ng'ombe ya kwenda lamboni. Ng'ombe walikuwa wamefuata njia yao ya siku zote. Mfugaji alilipa mtama ulioharibika, kwa maana mchungaji wake alikuwa amelala, na shemeji akarudisha wigo nyuma. Baada ya hapo shemeji hakunisemesha kwa miaka miwili, na kwenye msiba wa mama mkwe alinipita kama mti.

Nawasimulia haya kwa sababu mnakwenda kwa jina la Kristo, na watu watakaowapokea watatazama mnapoketi kabla hawajasikia mnachohubiri. Mimi naamini kwamba kazi ambayo imani yetu inatuongezea katika kutafuta amani ni moja tu, nayo ni kumwondoa muumini kwenye benchi la ndugu zake. Maombi, semina, posho na vipaza sauti hata asiyeamini anavyo. Lakini ni nani atakayemwambia mtu wa damu yake, mbele ya mgeni, kwamba amesogeza wigo? Bwana wetu alisema katika Mathayo sura ya 5 kwamba ukileta sadaka madhabahuni na ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache pale, ukapatane naye kwanza. Someni tena kwa makini. Hakusema wewe ndiwe mwenye neno juu ya ndugu. Mwenye lalamiko ni yule mwingine, na anayetakiwa kunyanyuka ni wewe unayedhani huna kosa.

Pale ambapo waumini wamekataa kunyanyuka tumeona kilichotokea, tena si mbali na hapa. Rwanda ya mwaka 1994 ilikuwa nchi ya Wakristo kwa sehemu kubwa kabisa ya watu wake. Watu walikimbilia makanisani wakiamini kwamba hakuna atakayemwaga damu mahali pale, na makanisa yale, Ntarama, Nyamata na mengine, yakawa machinjio. Huko Nyange kanisa lilibomolewa kwa tingatinga, watu zaidi ya elfu moja wakiwa ndani, na padri wa parokia ile ile alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha, ambayo mwaka 2008, katika rufaa, ilimpa kifungo cha maisha. Walikuwapo Wakristo waliowaficha majirani zao, na wengine waliuawa kwa ajili hiyo, nami sitaki muwasahau. Hata hivyo walio wengi, ilipofika saa ya kuchagua, waliketi na wa kwao. Msiende Bahi mkidhani kwamba ubatizo peke yake umewakinga na jambo hilo.

Jirani yetu wa upande wa pili, Msumbiji, anatupa habari nyingine. Vita vya ndani vya nchi ile vilidumu miaka 16. Mkataba uliovimaliza ulitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992 na Rais Joaquim Chissano na Afonso Dhlakama, kiongozi wa waasi wa Renamo, na mazungumzo yaliyouzaa, yaliyochukua miezi 27, yaliandaliwa na jumuiya ya Wakatoliki walei, yaani waumini wasio mapadri, iitwayo Sant'Egidio, pamoja na Askofu Jaime Gonçalves wa Beira na serikali ya Italia. Jumuiya hiyo ilianzishwa mwaka 1968 na kikundi cha wanafunzi wa sekondari, wadogo kuliko ninyi. Hawakuwa na jeshi, wala hawakutafuta mgodi wala bandari. Kikao cha kwanza cha Julai 1990 kilipomalizika, jambo kubwa lililopatikana ni tamko kwamba pande zote mbili ni ndugu wa familia moja kubwa ya Msumbiji. Mtu aweza kusema hilo ni dogo mno. Mimi nasema bila hilo yasingefuata mengine yote, na nawasihi mlikumbuke mtakapotamani kumaliza kila kitu kabla gari halijageuza. Baadaye, kuanzia mwaka 1995, Baraza la Wakristo la nchi ile, kwa msukumo wa Askofu Dinis Sengulane wa Anglikana, lilipokea bunduki kutoka kwa watu na kuwapa majembe, baiskeli na cherehani. Amani ile imewahi kutikisika tena, hilo tusilifiche.

Najua wengi mtafungua Mwanzo sura ya 26, habari za Isaka na visima, kwa kuwa inafanana mno na nchi yetu kavu. Wachungaji wa Gerari waligombea kisima cha kwanza, wakagombea na cha pili, Isaka akasogea, akachimba cha tatu ambacho hakikugombewa, akakiita Rehobothi. Ihubirini, ila mwangalie mnamhubiria nani. Isaka alikuwa tajiri mwenye watumwa wa kuchimba. Mama mjane mwenye eka moja ya uwele hana pa kusogea, na ukimwambia avumilie kama Isaka utakuwa umemnyang'anya kwa kutumia Maandiko. Nabii Yeremia aliwakemea walioponya jeraha la watu juu juu tu, wakisema amani, amani, wala hapana amani. Anayestahili fidia alipwe kwanza, halafu ndipo mzungumze naye habari za kusamehe, na akihitaji muda apewe.

Mambo mengine nayapitia haraka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni usuluhishi. Nendeni kwao kwanza, msije mkaonekana mmekwenda kuwapora kazi. Mkifika vijiji vyenye Waislamu, mwende kwa shehe na mumwombe muongozane naye tangu hatua ya kwanza, si mumwite mwishoni kufunga kwa dua. Waulizeni pia wavulana wanaochunga, kwa kuwa wao ndio wanaojua ng'ombe hupita wapi, na hakuna anayewaita kikaoni.

Limebaki moja, na hili litawauma. Miongoni mwenu wamo vijana wa sharika mbili zilizopakana hapa hapa mjini, ambazo tangu mwaka jana hazisemezani. Mmoja umelifunga kwa kufuli bomba ambalo majirani wote walikuwa wakichota, na mwingine umejibu kwa kuziba njia ya kupita. Sizitaji, mnajijua. Nawaomba muiahirishe safari ya Jumamosi. Najua gari limelipiwa, lakini dereva nimeshazungumza naye, na amekubali kubadilishiwa tarehe. Siku hiyo ya Jumamosi, saa tatu asubuhi, nitakuwa nimekaa pale bombani na kigoda changu; mwenye ufunguo aje nao.

Mzee wenu,
Chamwino