Herufi sita kwenye kichwa cha gita: barua ya wazi kwa mpwa wangu

Mpwa wangu mpendwa,

Jumapili uliondoka haraka kuwahi mazoezi, ukaniachia gita lako lenye jina la Gibson, kampuni ya Marekani ambayo haikulitengeneza, nikurekebishie nyuzi zinazopiga kelele kila unapopanda juu ya shingo. Sikutaka kusema niliyokuwa nayo moyoni pale mlangoni mbele ya wenzako. Nayaandika hapa hadharani bila kutaja jina lako, kwa sababu swali uliloniachia ukiwa umekwisha vaa viatu, "Mjomba, lakini si linalia vizuri?", nimeulizwa na vijana wengi wanaoniletea magita yao, na kila mara nimelijibu nusu.

Linalia vizuri. Nalikiri hilo mapema nisije nikaonekana mzee anayekidharau kitu kwa kuwa kimetoka China. Nililifungua usiku uleule. Kile kifuniko cheusi chenye umbo la kengele kilichoko kichwani kimefungwa kwa skrubu tatu, wakati Gibson hufunga kwa mbili. Nyuma ya kichwa, ukililaza chini ya taa, unaonekana mstari wa mshazari mahali vipande viwili vya mti vilipounganishwa kwa gundi, ilhali shingo ya Les Paul ya kweli, gita la Gibson ambalo lako limeliiga, huchongwa katika gogo moja la mahogani. Na jina lenyewe, ambalo kwenye Les Paul Standard ni gamba la chaza lililokatwa na kupachikwa ndani ya ubao, kwenye gita lako ni karatasi laini iliyobandikwa kisha ikapakwa vanishi juu yake. Ukipitisha ukucha utaihisi. Kwa haki ya huyo fundi nisiyemjua, ule muungano wa gundi ni kazi safi, na wengi wetu tunaamini kwamba una nguvu kuliko gogo moja. Vichwa vya Gibson, kwa jinsi vilivyolala nyuma, ni maarufu kwa kukatika gita likianguka tu.

Uliniambia umelinunua laki sita. Les Paul Standard mpya kutoka kiwanda cha Gibson cha Nashville, Marekani, inauzwa zaidi ya dola 2,000, kwa hiyo wewe na muuzaji mlijua mnachouziana, na sidhani kuna aliyemdanganya mwenzake. Lakini duka lilelile linauza gita lenye umbo lilelile, pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) za aina ileile na pengine limetoka kwenye karakana ileile, lenye jina lisilojulikana na mtu, kwa laki nne. Nililiona mwenyewe mwezi uliopita. Maana yake ni kwamba laki mbili hukununulia mti wala waya. Umelipia herufi sita.

Hapa ndipo ninapoomba tuelewane, kwa sababu watu huchanganya kuiga na kughushi. Kuiga umbo la gita ni jambo la kawaida katika ufundi huu, na hata sheria imelikubali kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2009 kampuni ya magita ya Fender ilinyimwa nchini Marekani usajili wa maumbo ya viwiliwili vya magita yake ya Stratocaster, Telecaster na besi yake ya Precision kuwa alama zake za biashara, kwa hoja kwamba maumbo hayo yamekwisha kuwa ya kawaida mno sokoni. Miaka ya 1970 Ibanez ya Japani ilikuwa ikitengeneza magita yanayofanana na Gibson hadi kichwa, lakini kichwani iliandika Ibanez. Mwaka 1977 Norlin, kampuni mama ya Gibson, iliishtaki Elger, iliyokuwa ikiyasambaza magita hayo Marekani, kwa sababu ya umbo la kichwa, na mwaka uliofuata wakapatana. Ibanez ikaendelea na vichwa na miundo yake, na leo hakuna anayemcheka mpigaji mwenye Ibanez. Aliyeiga akiwa na jina lake alikuwa na mahali pa kuondokea. Aliyetengeneza gita lako hana, kwani hata akiboresha kazi yake kwa miaka kumi, sifa itakwenda Nashville na lawama haitakwenda kokote.

Najua utasema Gibson hawajapoteza kitu kwako, maana usingeweza kununua lao hata kwa kuuza pikipiki. Sina ubishi na hilo. Wala sitakuambia uwaonee huruma kama watakatifu: mwaka 2012 kampuni hiyohiyo ilikubali kulipa faini ya dola 300,000 kwa serikali ya Marekani ili kumaliza shauri la mbao za mpingo zilizoingizwa kutoka Madagaska, ambako uvunaji na usafirishaji wake ulikuwa umezuiwa. Hata sheria zetu zinamlenga zaidi mfanyabiashara. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo hapa Tanzania inasimamiwa na Tume ya Ushindani, humwinda anayeingiza na kuuza bidhaa bandia, na sijapata kusikia mpigaji aliyeshushwa jukwaani kwa ajili ya gita lake.

Kinachonisumbua mimi ni mtu ambaye bado hujamjua.

Zamani nilipokuwa Unguja niliwahi kuletewa fidla ya kikundi kimoja cha taarabu ili nibandike tena ubao wake wa juu. Ndani, ukichungulia kwenye tundu, kulikuwa na karatasi ya manjano yenye jina la Antonius Stradivarius wa Cremona na mwaka wa elfu moja mia saba na kitu, na chini yake, kwa herufi ndogo za Kiingereza, kwamba imetengenezwa Ujerumani. Huyo Stradivari, fundi wa fidla mwenye sifa duniani kote, alifariki Cremona, Italia, mwaka 1737. Fidla za namna hiyo zilitoka kwa maelfu na maelfu katika miji ya Ujerumani kama Markneukirchen, ziliuzwa kwa bei ya chini, na mnunuzi wa kwanza alielewa kwamba karatasi ile inataja mfano uliofuatwa tu. Maneno ya Ujerumani yaliongezwa kwa sababu sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa zitaje nchi zilikotoka. Basi hakudanganywa mtu dukani. Lakini mnunuzi akafa, mtoto akairithi, mjukuu akaikuta sandukuni, na yule mzee aliyeniletea aliniuliza kwa sauti ya chini, akiwa amefunga mlango, kama ingetosha kumjengea nyumba. Bei ilikuwa imesahaulika na maelewano yalikuwa yamekufa pamoja na waliopatana. Karatasi peke yake ndiyo iliyokuwa bado inasema.

Na mimi ninayekuandikia si msafi. Mwaka 1998 niliuza gita la besi lililoandikwa Fender ambalo nilijua halikutoka Fender. Wanunuzi walikuwa kwaya ya mkoani, waliochangishana kwa muda mrefu, na fedha waliileta ndani ya bahasha ya kaki, noti nyingi ndogondogo. Mwalimu wao aliligeuza, akasoma jina, akatabasamu. Hakuuliza, nami sikusema. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba kunyamaza si kusema uongo. Baadaye walitaka kuliuza ili wanunue spika, wakalipeleka kwa mtu anayejua, naye akawacheka mbele ya vijana wao. Mwalimu hakuja kunigombeza. Alinipigia simu kuuliza tu kama na mimi nilikuwa nimedanganywa, na nilimjibu ndiyo. Hayo ndiyo maneno niliyoogopa kuyasema mlangoni.

Kwa hiyo kulipiga hilo gita si kosa kwa maoni yangu. Lipige harusini, lipige studio, lipige hadi rangi ichunike. Kosa linaanza pale unapoliacha jina hilo liwaambie watu kitu ambacho wewe mwenyewe usingethubutu kukitamka kwa mdomo, kisha siku ya kuliuza ukaliacha likuuzie. Nawe utaliuza, mpwa wangu. Sijaona mpigaji aliyezikwa na gita lake la kwanza.

Jambo jingine nilisita kulisema, lakini wewe ndiye uliyelianzisha. Mwezi uliopita uliandika kwa uchungu kwamba kuna mtu amechukua wimbo wako, akaupandisha mtandaoni kwa jina lake na anakula matunda yake. Nilikuunga mkono na bado nakuunga mkono. Sisi tuliorekodi enzi za kanda tuliuza kumi wakati vibanda vya nakala za wizi viliuza mia. Ila katika ile picha uliyoiweka juu ya malalamiko yako, umelishika gita hilo kifuani na jina linang'aa kuliko uso wako. Wenzako hawakuona. Mimi nimeona.

Njoo Jumamosi mchana, umeme ukiwapo. Kile kipande cha plastiki kinachoshika nyuzi juu ya shingo nimekwisha kukitoa na kuweka cha mfupa, vyuma viwili vilivyokuwa vimeinuka nimevisugua, na kelele zimekwisha kabisa. Nililipiga jana karibu saa nzima kabla shangazi yako hajalalamika. Kilichobaki ni kichwa. Nina msasa namba 400 na vanishi nyeusi kidogo, kazi yake haizidi saa mbili. Sitaigusa ile karatasi kabla hujafika, maana gita ni lako na mkono wa kuitoa uwe wako. Ukitaka kuandika kitu kingine pale, kalamu ya rangi ninayo.

Mjomba wako.